Barua ya Malalamiko: Saini Iliyotiwa Bila Shahidi Kwenye Tamasha la Vitabu vya Katuni

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni Iliyoandaa Tamasha la Vitabu vya Katuni.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOTIMIZWA KWA HUDUMA YA SAINI YENYE USHAHIDI NILIYOILIPIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkusanyaji wa vitabu vya katuni, na nilihudhuria tamasha lenu lililopita kwa siku zote mbili, nikiwa na tiketi ya wakusanyaji pamoja na nyongeza niliyoilipia peke yake, ambayo ukurasa wenu wa mauzo uliiita “saini yenye ushahidi”. Lalamiko langu nililifikisha kwa mdomo kwenye dawati lenu la huduma jioni ya siku ya kwanza, na baadaye kwa barua pepe. Nilijibiwa kwamba mnasikitika kwa usumbufu, lakini kwa kuwa mchoraji alitia saini kama ilivyotangazwa, hamdaiwi chochote. Ninaandika sasa kwa urefu kwa sababu jibu hilo linaonesha kwamba aliyeliandika hakuelewa ni kitu gani hasa kampuni yenu iliniuzia.

Maelezo ya huduma hiyo, ambayo nimeambatanisha picha yake pamoja na risiti, yanasema kwamba mnunuzi atapangiwa saa, ataleta nakala moja, na nakala hiyo itatiwa saini mbele ya mwakilishi wa kampuni inayopima ubora wa vitabu vya katuni, ambaye ataipokea papo hapo ili ipelekwe kupimwa. Wapimaji hukipa kitabu alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Kwa utaratibu wa kampuni mliyoitangaza, lebo ya manjano, ambayo mkusanyaji huitambua akiwa upande wa pili wa ukumbi, hutolewa kwa sababu mtu wao aliiona kalamu ikigusa jalada, na kitabu hakikuondoka machoni pake hadi kilipokabidhiwa. Saini ileile, ya mkono uleule, isipokuwa na shahidi, kwao huhesabiwa kuwa maandishi yaliyoandikwa juu ya jalada, na kitabu chenye maandishi hayo ama hushushwa alama, ama hupewa lebo ya kijani inayomtahadharisha mnunuzi kwamba kina kasoro. Kwa hiyo nilichokinunua kwenu ni macho ya shahidi. Saini yenyewe ningeweza kuipata bila malipo hayo ya ziada, kwa kupanga foleni ya kawaida iliyokuwa hatua chache kutoka pale.

Naomba pia mfahamu ni kitu gani nilikiweka juu ya meza yenu. Ni toleo la mwaka 1982, ambalo kwa jina lake si adimu, kwa maana nakala zake ni nyingi hata leo. Hata hivyo nakala yangu ni mojawapo ya zile zilizouzwa kwenye vibanda vya magazeti, ambazo hutambulika kwa alama ya mistari myeusi iliyo kwenye pembe ya jalada, tofauti na zile zilizopelekwa moja kwa moja kwenye maduka maalumu ya wapenzi wa katuni. Nakala za vibandani zilipinda kwenye rafu, zilifunuliwa na wapita njia ambao hawakununua, na zilizobaki ziliondolewa sokoni na kuharibiwa, ndiyo maana ile iliyotoka huko ikiwa na pembe kali na mgongo usio na mikunjo hutafutwa sana. Karatasi yake ni ya aina ya magazeti, iliyotengenezwa kwa rojo la mti ambalo halikuondolewa lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, kwa hiyo hugeuka rangi na kuwa rahisi kukatika kadiri inavyokutana na mwanga na hewa. Kwa miaka 17 nimeiweka ndani ya mfuko wa Mylar, aina ya plastiki angavu ya kuhifadhia, nyuma yake kadi isiyo na asidi, ikiwa imesimama wima ndani ya sanduku lisilopenya mwanga. Katika miaka yote hiyo nimeitoa ndani ya mfuko wake mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa mezani penu.

Ilibaki kidogo itolewe mapema zaidi. Langoni, mlinzi aliyekagua mikoba alitaka kuichomoa kwa vidole ili aone kama kuna kitu katikati ya kurasa, na ilinibidi nimsihi aniache niinyanyue mwenyewe kwenye mwanga. Msimamizi wake alikubali, na jambo likaishia hapo. Silitaji kwa lengo la kudai chochote, bali kwa sababu tamasha linalouza tiketi kwa jina la wakusanyaji halipaswi kuweka langoni watu ambao hawajaambiwa kwamba mkunjo ukishavunja rangi ya jalada hauondoki, hata kitabu kikibanwa kwa joto na unyevu na fundi hodari kiasi gani.

Nije kwenye tukio lenyewe. Nilikuwa nimepangiwa saa 10 jioni. Adhuhuri, programu yenu ya simu ilinitumia ujumbe kwamba mchoraji ametangulizwa na ataanza saa 8, nami nikaacha mazungumzo niliyokuwa nikiyasikiliza kuhusu uandikaji wa herufi ndani ya mapovu ya maneno, ambayo kwa haki niseme yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyahudhuria, nikakimbilia foleni. Nilikuwa mtu wa 23. Kando ya mchoraji palikuwa na kiti chenye karatasi iliyoandikwa jina la kampuni ya upimaji, na kiti hicho kilikuwa kitupu.

Nilimuuliza mhudumu aliyevaa fulana ya kampuni yenu shahidi yuko wapi. Alinijibu kwamba ametoka mara moja, na kwamba vitabu vitakavyotiwa saini kabla hajarudi vitawekwa ndani ya sanduku lililofungwa ili avithibitishe baadaye. Niliuliza tena, kwa sababu shahidi hawezi kuthibitisha asichokiona, na utaratibu wa namna hiyo sijawahi kuusikia popote. Akamwita msimamizi. Msimamizi aliyarudia maneno yaleyale, akaongeza kwamba kampuni ya upimaji imeridhia jambo hilo kwa siku hiyo, na kwamba nikitoka kwenye foleni nafasi yangu nimeipoteza na fedha hazirudi.

Hapa nakiri upande wangu. Ningeweza kuondoka, na moyo wangu uliniambia niondoke. Lakini nilikuwa mbele ya watu wawili waliovaa sare ya mwandaaji, wakizungumza kwa uhakika juu ya makubaliano ambayo ni wao tu wangeweza kuyajua, na nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana. Nikaamini. Mchoraji, ambaye sina neno juu yake, alinipokea kwa upole, akaniuliza ningependa saini ikae wapi, akachagua sehemu ya anga iliyo wazi ili asiguse uso wa mhusika, na akasubiri wino ukauke kabla ya kunirudishia. Mhudumu akaichukua nakala, akaiweka ndani ya sanduku la karatasi ngumu ambalo, nilivyoliona, halikuwa na kufuli wala utepe.

Shahidi alifika saa 10, yaani saa aliyopangiwa tangu awali. Alipoelezwa habari za sanduku alikataa kukipokea hata kitabu kimoja kati ya vile ambavyo hakuviona vikitiwa saini, na alikuwa sahihi kabisa. Alituambia sisi tuliokuwa bado karibu na meza kwamba hakuna aliyezungumza naye kuhusu makubaliano yoyote, na kwamba kuanzia saa 8 alikuwa akimshuhudia mchoraji mwingine kwenye meza iliyo upande wa pili wa ukumbi, kama ratiba yenu ilivyomwelekeza. Maana yake ni kwamba mlikuwa na shahidi mmoja, na ofisi yenu ilipomtanguliza mchoraji wa pili haikuangalia kama shahidi huyo ana nafasi. Kosa la ratiba naweza kulielewa, kwa kuwa tamasha ni kazi kubwa na mambo hugongana. Lisiloeleweka ni kwa nini, kosa lilipoonekana, wahudumu wenu hawakusimamisha foleni kwa dakika chache wakaulize, badala ya kutunga makubaliano ambayo hayakuwapo.

Jibu lenu la barua pepe lina hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba saini ni halisi, hivyo thamani ya kitabu imeongezeka. Saini ni halisi, nami najua, kwa sababu nilikuwepo. Tatizo ni kwamba nimebaki shahidi wa jambo langu mwenyewe, na soko la wakusanyaji halikubali mwenye mali ajishuhudie. Mwandishi wenu anapendekeza niipeleke kwa wataalamu wanaolinganisha miandiko. Huduma hiyo ipo, lakini hutoa maoni ya mtaalamu kuhusu umbo la saini, wakati mimi nilinunua ushuhuda wa tukio, na wanunuzi wengi hawavipi vitu hivyo viwili bei moja. Ningekuwa na haja ya maoni hayo, nisingelipia kiti kile kilichokuwa kitupu.

Hoja ya pili ni kwamba watu walikuwa wengi kuliko mlivyotarajia. Hilo linahusu vyoo na milango, ambavyo sikuvilalamikia. Nafasi za saini yenye ushahidi zilikuwa na kikomo, ziliuzwa mapema zikaisha, na idadi ya wenye tiketi hizo mliijua kabla ya milango kufunguliwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa inategemea kifungu cha masharti kinachosema kwamba ratiba inaweza kubadilika bila taarifa. Ratiba kubadilika maana yake ni saa kusogezwa, nami niliifuata saa mpya. Kifungu hicho hakisemi kwamba huduma yenyewe inaweza kugeuzwa ikawa nyingine, wala hakimpi msimamizi ruhusa ya kumweleza mteja jambo lisilo la kweli ili asitoke kwenye foleni.

Mtanisamehe nikitoa mfano mmoja, kwa sababu wakusanyaji wote wanaujua. Toleo la 181 la mfululizo wa katuni wa The Incredible Hulk, la mwaka 1974, ambamo shujaa Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza, lilikuwa na stempu ndogo ndani yake ambayo mchapishaji aliwaalika wasomaji waikate na kuikusanya. Watoto wengi walitii. Leo nakala iliyokatwa stempu hiyo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya nakala kamili, na hakuna ufundi unaoweza kuirudisha ilivyokuwa. Wale watoto hawakudanganywa na mtu, maana mwaka ule hapakuwa na aliyejua kitabu kile kitakuwa nini. Ninyi mlijua. Mlijua hata mkaifanya kuwa bidhaa na kuitoza malipo, kisha mkanielekeza, kwa maneno ya msimamizi wenu, nifanye jambo ambalo halitenguliki.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Nirudishiwe malipo yote ya nyongeza ya saini yenye ushahidi pamoja na ada ya upimaji mliyoikusanya mapema kwa niaba ya kampuni ile, kwani upimaji huo haukufanyika. Nilipwe fidia kwa tofauti ya thamani kati ya nakala hii kama ilivyo sasa na kama ambavyo ingekuwa chini ya lebo ya manjano, tofauti ambayo niko tayari ikadiriwe na mthamini asiye wa kwangu wala wa kwenu. Nipewe pia barua rasmi, yenye mhuri na saini ya mkurugenzi, inayokiri kwamba nakala hii ilitiwa saini na mchoraji huyo kwenye meza yenu siku hiyo. Barua hiyo haitabadilisha rangi ya lebo, lakini itakaa pamoja na kitabu na kumsaidia atakayekimiliki baada yangu.

Kuhusu matamasha yajayo, ombi langu ni dogo na halina gharama: mchoraji asifungue kalamu kwenye meza ya saini yenye ushahidi hadi shahidi awe ameketi, na mhudumu asiyejua jibu aruhusiwe kusema kwamba hajui.

Liko jambo la mwisho, ambalo ni la haraka kuliko madai yangu. Mbele yangu kwenye foleni walikuwepo watu 22, na nyuma yangu sikuwahesabu. Mimi nilibaki karibu na meza, ndiyo maana nilikuwepo shahidi alipokataa, nikachukua nakala yangu kutoka kwenye sanduku kwa mkono wangu. Wengi wao walikwisha kuondoka wakiamini kwamba vitabu vyao viko njiani kwenda kupimwa. Naomba mnijulishe sanduku lile liko wapi, ni nani anayelitunza, na kama wenye vitabu vilivyomo wameshaandikiwa.

Nitasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipojibiwa katika muda huo, nitaiwasilisha pamoja na viambatanisho vyake kwenye chombo kinachosimamia haki za walaji.

Wako mwaminifu,

Mwenye tiketi ya wakusanyaji, siku zote mbili

Viambatanisho: risiti ya malipo; picha ya maelezo ya huduma kutoka ukurasa wa mauzo; picha ya ujumbe wa programu kuhusu mabadiliko ya saa; picha za nakala kabla na baada ya kutiwa saini; nakala ya jibu lenu la barua pepe.