Kinachooshwa ziwa la juu hunywewa ziwa la chini

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu safari ya miguu kupitia msituni hadi kwenye maziwa ya mlimani, na sehemu ya msitu nimeirudia mara ya pili. Mwandishi ameueleza kama mtu aliyeutembea kweli: ukungu wa asubuhi, nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu, mizizi inayoteleza, na ule wakati miti inapoanza kuwa mifupi bila wewe kutambua, hadi ghafla unajikuta uko wazi mbele ya upepo. Sina neno na sehemu hiyo. Neno langu liko kwenye aya za mwisho, pale anapomshauri msomaji kwamba akifika ziwa la juu kabisa aoge, afue shati lililoloa jasho, wala asiwe na wasiwasi maana siku hizi kuna sabuni "inayooza yenyewe". Naamini ushauri huo umetolewa kwa nia njema. Lakini ni ushauri mbaya, na kwa kuwa wapo watakaoufuata, naomba nafasi nieleze ubaya wake.

Tuanze na jinsi maziwa hayo yalivyopangika. Zamani, mto wa barafu ulipokuwa ukishuka bondeni, haukuchimba mwamba kwa usawa. Penye nyufa ulichimbua bakuli, penye mwamba mgumu ukaacha kizingiti. Barafu ilipoyeyuka kila bakuli likajaa maji, na kijito kikayaunganisha kama ngazi. Wanajiografia huyaita maziwa ya paternoster, yaani Baba Yetu kwa Kilatini, kwa sababu ukiyatazama kutoka juu yanafanana na punje za rozari. Picha zenu zilizionyesha punje vizuri sana. Uzi haukuonekana, na hoja yangu yote iko kwenye uzi.

Katika milima ya Rila, nchini Bulgaria, kuna maziwa saba ya namna hii. La juu kabisa huitwa Chozi, kwa jinsi maji yake yalivyo maangavu. Linafuata Jicho, kisha Figo, kisha Pacha, halafu lile lenye umbo la jani la pande tatu, halafu la Samaki, na mwisho linaitwa tu la Chini. Chozi liko mita 2,535 juu ya usawa wa bahari, na la Chini liko mita 2,095. Kati yao maji hushuka kwa vijito, ziwa hadi ziwa. Anayeosha sufuria kwenye Chozi hajaosha kwenye ziwa moja.

Hili nililielewa siku nilipokuwa nimeinama kwenye ziwa la chini la mlolongo mwingine, najaza chupa mahali kijito kinapoingilia. Niliona mabaki ya chakula yamenasa kati ya mawe, na juu yake povu jembamba linalokataa kupasuka. Tulipanda kwa nusu saa. Kwenye ziwa lililofuata tulikuta kundi la watu wema, wachangamfu, waliotukaribisha tukae, wakisugua vyombo vyao pale pale maji yanapotokea. Hawakujua kama chini yao kulikuwa na watu. Sikuweza kuwakasirikia, kwa sababu safari iliyotangulia nami nilikuwa nimefanya vivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa amenieleza.

Sasa hiyo sabuni inayooza. Ni kweli huoza, ila haiozi yenyewe: inaozeshwa na bakteria, na bakteria hao wako kwa wingi udongoni. Ndiyo maana maelekezo ya kawaida kwa wapanda milima ni kuchota maji, kuyabeba angalau mita 60 kutoka ziwani au kijitoni, karibu hatua 80 za mtu mzima, na kuoga huko ili maji machafu yachujwe na ardhi. Ukiimwaga ziwani, sabuni hiyo inabaki kuwa sabuni kwa muda mrefu.

Hapa ndipo msitu ulioelezwa vizuri vile unapohusika. Msitu una tumbo. Chini ya miti kuna majani yaliyorundikana miaka na miaka, kuvu, minyoo, wadudu, joto kiasi na unyevu. Ukichimba shimo la sentimita 15 hadi 20 na kufukia kinyesi chako, ardhi inajua la kufanya. Lakini joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukishavuka mstari wa miti, yaani pale miti inapokoma kuota, udongo mara nyingi ni tabaka jembamba juu ya jiwe, na bakteria wenyewe wanafanya kazi taratibu kwa baridi. Nimewahi kuchimba kwenye ukingo wa ziwa la juu nikagonga mwamba kabla kijiko hakijazama nusu. Kwa hiyo mazoea yangu siku hizi ni kwenda haja msituni, kabla miti haijaisha, na kubeba mfuko wa kufungia nitakachoshindwa kukiacha huko juu. Najua si mazungumzo ya mezani. Afadhali yachapishwe gazetini kuliko kila mtu ayagundue kwa pua yake nyuma ya jiwe kubwa la karibu na kambi.

Tena kuna jambo la uwazi wa maji, ambalo mwandishi amelisifu mno. Maziwa haya yako wazi kwa sababu yana njaa. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupita juu ya mawe matupu na kuingia ziwani bila virutubisho vya kutosha, hivyo mwani hauna cha kula wala hauwezi kuota ukayatia maji kijani. Mabaki ya chakula, mkojo na kinyesi vina nitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Mlima haukuwa na mbolea. Tumeipandisha sisi, ndani ya mabegi yetu.

Kwenye nukta hii niongeze sahihisho dogo. Si kweli kwamba rangi ya samawati yenye kijani ni dalili ya usafi. Kwenye maziwa yanayolishwa na barafu, rangi ile hutokana na unga wa mwamba uliosagwa na barafu, laini kiasi cha kuelea majini na kutawanya mwanga. Maji hayo hayo yanaweza kuwa na giardia, kijidudu kinacholeta kuhara. Yachemsheni: dakika 1 ya kutokota inatosha mahali pa chini, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Lililoniumiza zaidi ni sentensi fupi ambayo huenda wengi waliipita: kwamba maziwa ya juu "hayana kitu", na ingefaa yapandikizwe samaki ili safari ipendeze. Jambo hilo limeshafanywa, na matokeo yake tunayajua. Katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, karibu maziwa yote ya juu hayakuwa na samaki tangu barafu ilipoyaacha, kwa kuwa maporomoko ya maji yaliwazuia kupanda. Kuanzia karne ya 19 watu waliwapandisha trauti, na baadaye waliwamwaga hata kwa ndege. Yale maziwa yasiyo na kitu yalikuwa na vyura. Viluwiluwi wa chura wa huko wenye miguu ya manjano hukaa majini miaka kadhaa kabla ya kuwa vyura kamili, kwa sababu ya baridi, kwa hiyo walihitaji maziwa yenye kina yasiyoganda hadi chini. Trauti nao waliyahitaji yale yale, na waliwala. Kuvu wa ngozi alipokuja kuongezea, vyura hao wakatoweka katika sehemu kubwa ya makao yao ya zamani, na mwaka 2014 wakaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Habari njema ni kwamba mahali samaki walipoondolewa kwa nyavu, ziwa baada ya ziwa, vyura waliosalia karibu walirudi. Nimewahi kukaa kando ya ziwa lisilo na samaki nikitazama tu wadudu wadogo wakipanda na kushuka kwenye maji, na saa nzima ikapita. Sijui kama mwandishi alipata kukaa.

Kuhusu njia za mkato nitasema machache. Kijia kinapopinda-pinda kupanda mteremko, hakijakusudiwa kumchelewesha mtu. Kimepunguza kasi ya maji ya mvua. Ukikata kona, maji yanafuata nyayo zako, na juu ya mstari wa miti udongo unaobebwa unaishia ziwani. Hata mkojo una mahali pake. Katika eneo la Enchantments, jimboni Washington, mbuzi wa milimani hutafuta chumvi, na huchimbua mimea midogo iliyokojolewa na wapita njia. Ndiyo maana wageni huambiwa wakojoe juu ya mawe, mbali na maua na mbali na njia.

Nisieleweke kwamba nawakataza watu wasiingie majini. Pale sheria ya hifadhi inaporuhusu, mtu aliyejisuuza kwanza mbali na ukingo, akaondoa mafuta ya jua na dawa ya mbu, ana haki ya kujitosa, mradi aingie polepole. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji hiyo ni hatari. Binafsi naweka miguu tu, nayo hutoka myekundu.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Makala ile ilikuwa na kisanduku cha vitu vya kubeba: viatu, koti la mvua, taa ya kichwani, chakula cha ziada. Mtakapoichapisha tena, au mtakapoandika kuhusu mlima mwingine, ongezeni ndani ya kisanduku hicho kijiko cha kuchimbia, mfuko unaofungika, na chombo chepesi cha kubebea maji hatua 80 kutoka ziwani. Na sentensi ile ya sabuni iondoeni.

Msomaji wenu na mpanda milima