Hadithi yako inaanzia ukurasa wa 14

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mswada wako wa tamthilia ya televisheni umenifikia, na niseme mapema: hadithi unayo, tena nzuri, ila inaanzia ukurasa wa 14. Kurasa 13 za mwanzo ni habari za ukoo, nani kamuoa nani, nani kamdhulumu nani shamba. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo umemkalisha mtazamaji dakika 13 akikariri majina ya watu ambao bado hajawapenda wala kuwachukia. Na rimoti anayo mkononi.

Itazame upya sehemu ya kwanza ya Breaking Bad, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu mwalimu anayegeuka mpika dawa za kulevya, iliyorushwa Marekani Januari 20, 2008, Vince Gilligan akiwa mwandishi na mwongozaji. Suruali inaelea hewani na kuangukia njia ya vumbi jangwani. Gari la safari, lile la kulala ndani, linapita mbio. Dereva yuko na chupi na barakoa ya kuzuia gesi. Gari linaacha njia na kukwama. Anachukua kamera ndogo, anaiaga familia yake, kisha anasimama njiani na bastola kuelekea ving'ora vinakosikika. Kosa lake hatulijui, lakini tumeshajua ana mke na mtoto, anawapenda, na bastola hajaizoea. Ndipo tunarudishwa nyuma wiki tatu.

Wengi huiga huko kurudi nyuma tu, wakaishia na mwanzo wa kelele na katikati tupu. Angalia kinachofuata. Dereva yule, Walter White, anatimiza miaka 50, na mkewe amempangia vipande vya nyama bandia kwenye sahani vikaandika 50. Anafundisha kemia, jioni anaosha magari, na siku hiyo amepiga magoti anasugua matairi ya gari la mwanafunzi wake mwenyewe. Hakuna anayetamka kwamba amedhalilika. Wewe una mstari usemao, "Unajua baba hana kitu tangu aachishwe kazi." Ufute. Mwonyeshe baba kituoni akihesabu sarafu za nauli, kisha azirudishe mfukoni na kuanza kutembea.

Au pale daktari anapomwambia ana saratani ya mapafu. Sauti ya daktari inafifia, na macho ya Walter yamenasa kwenye doa la haradali kwenye koti lake. Doa lile linaniuma kuliko kilio chochote.

Sasa jambo zito zaidi. Saratani ilimjia, lakini kupika dawa za kulevya aliamua mwenyewe: aliona fedha zilizokamatwa kwenye televisheni, akauliza ni kiasi gani, akamfuata mwanafunzi wake wa zamani na kumbana washirikiane. Mhusika wako mkuu anatokewa tu: ajali, barua, mjomba. Mpe uamuzi mmoja usiorudika, kabla ya ukurasa wa 25 kati ya 45 ulizonazo, na awe na njia nyingine ya halali aliyoiacha. Bila hiyo njia nyingine tutamhurumia, ila hatutamfuatilia.

Mwisho wako usiufunge sana. Ving'ora vile vya jangwani vinageuka kuwa vya magari ya zimamoto, roho inashuka. Lakini ndani ya gari bado mna watu wawili aliowavutisha gesi ya sumu, na kazi ya sehemu ya pili ni hiyo. Chukua karatasi uandike kwa sentensi moja moja sehemu ya 2, ya 3 na ya 4 zinahusu nini. Ukikwama kwenye ya 3, rudi ukatengeneze ya 1.

Tena, una Asha, Aisha na Amina ndani ya onyesho moja. Badilisha wawili, na majina ambayo mtazamaji anatakiwa kuyashika yasizidi sita kwa sehemu nzima.

Nitumie kurasa 10 za mwanzo zikiwa tayari. Zilizobaki ziache kwanza.

Wako akupendaye