Kifaru Valentine hakikuwa mkweche

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nalisoma gazeti lako na kunyamaza, lakini ile makala ya Jumamosi kuhusu vita vya Hitler imenishinda. Mwandishi wako kakiita kifaru cha Waingereza cha Valentine "mkweche", halafu mkabandika picha ya Sherman, ya Wamarekani, na chini mkaandika Valentine.

Mimi ni fundi dizeli mstaafu, na hapo ndipo paliponiuma. Toleo la pili la kifaru hicho lilifungwa injini ya dizeli ya AEC, kampuni ileile ya mabasi ya London. Nguvu za farasi 131, mwendo kama kilomita 24 kwa saa. Polepole, nakubali, ila kilifika. Baada ya mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942 vipo vilivyotembea zaidi ya kilomita 4,800 kwa minyororo yake vikimfukuza Rommel, jenerali wa Wajerumani, wakati Crusader, kifaru kingine cha Waingereza alichokisifu mwandishi wako kwa mbio, kilisifika kwa kulala jangwani pampu ya maji inavuja. Uingereza na Canada ziliunda zaidi ya 8,000, na Wasovieti, walioanza kuvitumia mwishoni mwa 1941 wakiilinda Moscow, waliendelea kuviagiza hadi 1944, Waingereza wenyewe wameshahamia vingine. Watu wenye kifaru chao cha T-34 waagize mkweche wa nini? Kasoro zilikuwepo, na ndizo alizoziruka! Mnara wa mzinga ulikuwa wa watu wawili, kamanda akawa anachungulia nje, anamwelekeza dereva na kupakia risasi, yote yeye. Mzinga wa milimita 40 haukupewa makombora ya mlipuko, basi Mjerumani aliyejichimbia na mzinga wake hakutishika sana. Baadaye wakapata nafasi ya mtu wa tatu. Ulipokuja mzinga wa milimita 57, akatolewa tena.

Juzi kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, shemeji yangu, mtu asiyeijua spana namba 13 na 14, alichomoa kipande cha gazeti lako mfukoni akasoma kwa sauti mbele ya wakwe. Nikapinga. Akajibu, "Gazeti limeandika." Mweka hazina akaniambia nimalize mchango kwanza, vifaru baadaye.

Na Bukini, yaani Madagaska, je? Eti Keya wetu, askari wa King's African Rifles, walishuka bandari ya Diego Suarez Mei 1942 nyuma ya Valentine. Walioshuka siku hizo na vifaru ni Waingereza, na mizinga ya Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Hitler, ikaviharibu kadhaa. Keya walikuja bandari imeshatekwa, wakapanda bara hadi Antananarivo mwezi Septemba, njia imejaa magogo na madaraja yaliyovunjwa. Safari hiyo ingejaza ukurasa mzima. Ninyi mmewapa mstari mmoja, tena wa uongo. Masahihisho yenu nayo nayajua: herufi za kusomwa kwa miwani miwili, pembeni ya matangazo ya hati zilizopotea.

Anayepanga picha ahesabu magurudumu. Valentine kila upande yapo sita: kubwa, madogo manne, kubwa. Akishindwa aweke twiga. Masahihisho yatoke ukurasa wa kwanza, herufi zilezile za kichwa cha makala, na nakala moja apelekewe shemeji yangu. Anwani yake nitaileta ofisini mwenyewe.

Fundi mstaafu,
Tanga