Makala zetu za jarida: tusomeane kabla ya kutuma

Habari za jioni, walimu wenzangu wa Iringa na Mbeya. Majarida ya ufundishaji wa masomo ya Afrika hayahitaji tuisimulie upya historia ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Vita vya Lugalo vya 1891 vimeshaandikwa sana. Yanataka ufundishaji wenyewe. Ulipowapeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, waliuliza nini? Uliwapa kazi gani? Mwalimu wa kwingine ataigaje? Hapo ndipo pa kuandika kwa kirefu, nawasihi.

Ondoeni majina yenu ndani ya makala, maana wanaoitathmini hawapaswi kumjua mwandishi. Msitume makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Wa Tukuyu, tunasubiri rasimu zenu hapa kundini kabla ya Ijumaa.