Sahani usimpe fundi

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mbaruku,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wamefungua shule, mama anaendelea na dawa zake na anakusalimu sana. Habari nyingine zitasubiri, maana Mwanahamisi kanipigia asubuhi akaniambia umeshaifungua vipande vipande ile Lenco, mashine ya kupigia santuri ya marehemu mzee, na wiki hii unaipeleka kwa wale watu wa madirisha ya aluminiamu wakaipige rangi ya unga. Nimeona nikuandikie kabla hujafika huko.

Bati la juu lipeleke, sina neno. Sahani, ile inayozunguka na kubeba santuri, usiwape.

Kazi hii naishika kila siku, kwa hiyo nisikilize. Bati la L75, ndiyo Lenco yetu hiyo, ni chuma, na chuma kinaupokea unga vizuri mno. Unga unatoka kwenye bunduki ukiwa na chaji ya umeme, bati limeungwa ethi, basi unavutwa na kukaa wenyewe mpaka kwenye kona. Ukiingia tanuri unayeyuka na kushikana. Unene wa mikroni 60 hadi 80, yaani sehemu za elfu za milimita, unatosha kabisa. Lakini sahani ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, karibu kilo nne, na vitu vya kumiminwa hubaki na hewa ndani. Kwenye nyuzi 180 au 200 hewa ile inatafuta pa kutokea, wakati huohuo unga juu yake ndio unayeyuka. Uso unatoka na vitundu kama kitumbua. Niliwahi kuletewa sahani ya hivyo, imetoka karakana moja hapa mjini, mwenyewe karibu alie. Kuivua rangi ile ni kazi kuliko kuipaka.

Kuna mafundi wanaojua kuioka kwanza ikiwa tupu ili hewa itoke, halafu ndipo wapige unga. Sawa. Bado kuna upande wa chini, na huo ndio unaoninyima raha. Lile gurudumu la mpira, unakumbuka tulivyokuwa tukilichungulia mzee akilala mchana? Linasimama wima na kuizungusha sahani kwa kugusa tumbo lake. Pale panatakiwa pawe patupu, pasafi, pamenyooka. Unga hautakaa sawasawa pale: huku mwingi, huku mchache, na mpira utapanda na kushuka kila mzunguko. Sauti zitayumba. Tundu la katikati nalo, mikroni 80 ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, zikiingia humo sahani haitakaa tena ilivyokaa tangu itoke Uswisi.

Na mashine ile sifa yake ni mwendo, Mbaruku. Mhimili wa mota umechongwa kama pia, gurudumu ukilisogeza kidogo tu kasi inabadilika kidogo tu, kutoka mizunguko 16 mpaka 78 kwa dakika. Ndiyo maana mzee aliweza kupiga zile santuri nzito za zamani, akasogeza mpaka sauti ya Siti binti Saad ikakaa anavyoijua yeye. (Za 78 zina sindano yake nene, usizipige na ile nyembamba.) Leo tuizibe sifa hiyo kwa rangi?

Turudi kwa bati. Mota na beringi vitoke vyote, visikaribie mchanga wa kuvulia rangi ya zamani wala tanuri. Alama zozote zilizochapwa juu ya bati zitaondoka na mchanga, kwa hiyo zipige picha na uzipime kwa rula kwanza. Matundu yenye nyuzi za skrubu yazibwe kwa vizibo vya silikoni. Tepu iwe ile inayostahimili joto. Ya karatasi itaungua.

Halafu mwambie fundi jambo hili, tena ukiwa umesimama naye: dakika kumi au kumi na tano zinahesabiwa tangu chuma chenyewe kipate joto, si tangu mlango wa tanuri ufungwe. Wao wamezoea fremu nyembamba zinazopata moto upesi. Bati la chuma likitolewa mapema litang'aa, utalifurahia, kisha ukikaza skrubu ya kwanza rangi inapasuka. Likishapoa lifute kwa kitambaa chenye thina mahali pasipoonekana. Rangi ikija kwenye kitambaa, lirudi tanuri.

Jambo jingine, rangi ya unga haipitishi umeme. Kwangua chini ya skrubu moja ufunge waya wa ethi hapo, la sivyo spika zitavuma usiku kucha na utalaumu waya za watu.

Mwanahamisi anasema unataka nyeusi ya kung'aa. Nyeusi ya kung'aa inaonyesha kila wimbi la unga na kila alama ya kidole. Mimi ningechukua ile yenye namba RAL 1015 kwenye orodha ya rangi, ya pembe za ndovu hafifu, isiyong'aa sana. Mzee angeipenda, alikuwa na koti la rangi hiyo.

Na sahani, maana nakujua ukishashika jambo: ukingo wake wa nje ung'arishe kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 mpaka 2000, kisha dawa ya kung'arishia. Itapendeza kuliko rangi yoyote. Tumbo lake lifute kwa spiriti tu.

Sasa niambie. Sahani iko wapi saa hizi, kwako au umeshaikabidhi? Hao watu wana mashine ya kupiga mchanga au wanakwangua kwa grenda? Lile gurudumu mpira wake bado laini, au umekuwa mgumu? Skrubu umezitenga kwa mafungu au zote ziko kopo moja? Na shemeji Khadija ameshajifungua? Hakuna anayeniambia kitu.

Nipigie hata usiku.

Nduguyo,
Saidi