Kodi ya miezi sita ndiyo inayowalaza wanafunzi wanne chumba kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wenye nyumba wenzangu wa Tabora. Wakuu wa vyuo nao wakisikiliza hawatakuwa wamepoteza kitu.

Mwaka huu wa 2021, wiki hizi mji umejaa. Pita stendi au stesheni ya reli uwaone: begi la magurudumu, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, ndoo imetumbukizwa ndani ya ndoo, na mzazi pembeni kashika bahasha ya fomu za kujiunga kama kashika hati ya shamba. Wanakwenda chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, wanakwenda vyuo vya Utumishi wa Umma, Ualimu, Nyuki. Wengi chuo hakina kitanda cha kuwapa, kwa hiyo hata kabla hawajapata maji ya kunywa dalali ameshawashika mkono.

Vyuo vimejiandaa dhidi ya korona kwa kadiri yake. Getini kuna ndoo ya maji tiririka na sabuni, mlinzi anakukumbusha barakoa, madarasani viti vimeachanishwa. Sina ugomvi na ndoo. Ila nimefanya kazi wodini hadi nikastaafu, na ugonjwa wa kupitia hewa naujua tabia yake. Haumvizii mwanafunzi saa mbili asubuhi getini, amevaa barakoa na mlinzi anamtazama. Unamkuta saa sita ya usiku, amelala, mdomo wazi, kati ya watu watatu.

Julai mwaka huu, wimbi la tatu limepamba moto na wanafunzi wako kwenye mitihani, niligongewa mlango usiku na kijana wa nyumba ya pili.

"Shikamoo bibi nesi. Mwenzetu anapumua vibaya."

Mtaani kwetu uuguzi haustaafiwi. Nikajitanda kitenge, nikachukua barakoa na kipimajoto, nikamfuata.

Chumba chenyewe ni cha uani, upande wa choo, futi kumi kwa kumi. Chini kuna magodoro mawili yamesogezwa pamoja, vijana wanne wanalala kwa ubavu. Mabegi yananing'inia kwenye misumari. Mtungi mdogo wa gesi uko karibu kabisa na mto wa kulalia. Dirisha lipo, lakini limepigiliwa ubao kwa nje na bati juu ya ubao, kwa sababu mpangaji wa mwaka juzi aliibiwa laptopu kupitia hapo. Wamemwomba mwenye nyumba alifungue, akawajibu kwamba atakayegusa ubao atanunua dirisha zima. Katikati ya magodoro sufuria la nyungu linafuka: mchaichai, majani ya mwembe, malimao, tangawizi. Blanketi ni moja. Walikuwa wanajifukiza kwa zamu, akaanza mgonjwa, kisha wenzake wakafuata mmoja mmoja chini ya blanketi lile lile lililolowa jasho lake.

Mimi si mtu wa kubeza nyungu. Nimelelewa na bibi aliyetufukiza kila tuliposhikwa mafua. Lakini nyungu ya watu wanne kwenye blanketi la mgonjwa, chumba hakina hata tundu la kupitisha hewa, hapo mchaichai wenyewe unabaki unashangaa. Tulimpakia kijana kwenye bajaji, hospitali wakamtundikia oksijeni, akapona, mitihani aliyoikosa akaifanya baadaye. Kipimo sikuwa nacho, kwa hiyo sitasema ilikuwa korona. Nasema nilichokiona: wiki iliyofuata wawili kati ya wenzake walikuwa wanakohoa.

Nilipowauliza kwa nini wanalala wanne kwenye chumba alichoandikishwa mmoja, jibu lilikuwa la maneno manne: "Bibi, kodi miezi sita."

Tupige hesabu pamoja. Chumba kama kile, iwe Ng'ambo, Kanyenye au huku kwetu Isevya, tuseme ni Sh30,000 kwa mwezi. Hizo mwanafunzi akijibana anazimudu. Lakini sisi hatudai elfu thelathini. Tunadai Sh180,000 taslimu kabla ufunguo haujatoka mfukoni, na dalali naye ana ya mwezi mmoja, jumla Sh210,000. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mwaka huu wa 2021, anapewa Sh8,500 kwa siku ya chakula na malazi. Bumu, yaani posho hiyo, la siku sitini ni Sh510,000, nyingi kwa kuzitamka, ila haziingii siku anayoshuka kwenye basi. Mpaka asajiliwe, jina litoke, asaini, asubiri. Huko kote anakosubiri analala wapi? Wa astashahada na stashahada mwaka huu wa 2021 hata cha kusubiri hawana, mkopo huo si wao. Baba yake analima tumbaku Urambo au Kaliua, na ifikapo Novemba pesa za masoko zimeshameng'enywa na madeni ya pembejeo na ada za wadogo zake, na yeye yuko shambani anaandaa msimu mwingine.

Basi wanachanga. Wanne, Sh52,500 kila kichwa. Mmoja anajitambulisha kwa mwenye nyumba, watatu wanakuwa wageni wasioondoka. Wenyewe wanaita kubebana. Kwa mabinti ni kuzito zaidi, maana asiyepata wa kubebana naye hatakosa mtu mzima wa kumlipia chumba, na mtu mzima huyo anavyotaka kurudishiwa fadhila zake sote tunajua.

Kwa hiyo ninaposema kodi ya miezi sita ni jambo la afya, simaanishi mafumbo. Mwenye nyumba anayedai kodi hiyo ndiye anayewapanga wanafunzi wanne kwenye magodoro mawili, hata kama hajui kwamba wapo.

Halafu tunasahau upesi sana mwaka jana. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule, na kesho kutwa yake vikafuata vyuo. Wanafunzi wakaondoka na begi la mgongoni, wakidhani ni siku thelathini kama ilivyotangazwa. Vyuo vilikuja kufunguliwa Juni 1, baada ya Rais Magufuli kutoa kauli Mei 21. Miezi miwili na nusu vyumba vina makufuli, na kodi iliyolipwa mapema inateketea kimya kimya. Ambao kodi zao ziliishia katikati walirudi na kukuta mambo. Binti mmoja wa Mpanda alikuta mlango una kufuli la pili, si lake. Akaambiwa alipe Aprili na Mei kwanza ndipo aruhusiwe kuingia, miezi ambayo serikali ndiyo iliyomwambia akae kwao. Alipokwishalipa, kwa pesa ya kukopa, akakuta godoro limeliwa na mchwa upande wa chini wote. Mwenye nyumba huyo simtaji, tunasali pamoja. Lakini alipe Aprili na Mei ya nini? Kwa kulinda godoro?

Nawasikia wenzangu mnavyoguna. Mtasema nyumba zimejengwa kwa kiinua mgongo, bati limepanda bei, na wanafunzi si malaika. Ni kweli si malaika. Kuna wanaohama usiku na deni la umeme wa LUKU. Mmoja wa kwangu alihama akaondoka hata na balbu, akaifungua taratibu na kuacha soketi inaning'inia. Kingine mtakachosema ni kwamba sheria haituzuii, na hapo pia mko sawa. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, tangu hapo ni maelewano ya mwenye nyumba na mpangaji. Ila maelewano gani hayo, upande mmoja una nyumba na mwingine una godoro la kuviringisha jua likizama?

Nina vyumba vitano vya kupangisha. Kodi napokea kila mwezi, na anayesubiri bumu namwandika kwenye daftari, anaweka sahihi, mzazi wake namwongelesha kwa simu mbele yake. Chumba ni watu wawili, nao wote wawili nawajua majina. Kwenye daftari hilo tumeandika kwamba vyuo vikifungwa kwa amri ya serikali, kodi inasimama siku hiyo hiyo, na vitu vikibaki chumbani nalipwa Sh5,000 kwa mwezi ya kuvitunza, basi. Mwaka jana Aprili na Mei nilikula pensheni na mahindi yangu, sikatai, ilibana. Juni waliporudi hawakwenda kwingine. Sikulipa dalali, sikukaa na chumba kitupu hata wiki moja, wakati majirani walioshikilia kodi ya mwezi wa Aprili walikuwa wanabandika matangazo ya "chumba kipo" mpaka Septemba. Hii nawaambia kama biashara, huruma kila mtu ana yake.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya uzio. Mwanafunzi akitoka getini saa kumi jioni bado ni mwanafunzi wako. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi inashindwaje kumwandikia mwenye nyumba barua kwamba huyu ni wetu, mkopo wake umethibitishwa, ukitoka tutakujulisha? Karatasi moja yenye muhuri wa chuo na wa mwenyekiti wa mtaa ingeondoa nusu ya hofu inayotufanya tudai miezi sita. Ofisi hiyo hiyo ingepita mitaani ikaandikisha nyumba zinazofaa: vyumba vina dirisha linalofunguka, choo kinatumiwa na watu wangapi, bomba liko wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika asajiliwe na apewe orodha hiyo, badala ya kumwacha dalali awe ndiye karani wa mapokezi wa chuo. Madalali watanichukia. Nao nimewazoea.

Kuhusu dirisha niongeze kidogo, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Fundi wa kuchomelea grili yuko kila mtaa. Grili inazuia mwizi na inapitisha hewa. Nyavu ya mbu inapigiliwa kwa ndani. Ubao na bati havizuii mwizi kumwingilia mpangaji mlangoni, vinazuia hewa tu. Yule mwenye nyumba wa ubao, baada ya mambo ya Julai, nilimwendea tukazungumza, akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Oktoba 10, 2021 Rais Samia alizindua mpango wa Sh1.3 trilioni za kupambana na UVIKO-19, yaani korona, na kwa hakika madarasa tunayaona yakipanda, msingi leo, lenta wiki ijayo. Madarasa 15,000 ya sekondari na ya vituo shikizi vya shule za msingi si haba. Watoto wetu watakaa kwa nafasi. Wakimaliza sekondari wakaja chuoni watakuta kile chumba cha futi kumi kwa kumi kinawasubiri, kwa sababu fedha hizo haziingii uani kwa mtu, na wala hazitakiwi kuingia. Huko uani ni kwetu sisi.

Na chanjo. Mwaka huu wa 2021 ni bure, ni hiari, na mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa. Rais alichomwa mbele ya kamera Julai 28, nami nilipanga foleni. Wanafunzi wananiambia, "Bibi, eti inaondoa uzazi." Mimi katika utumishi wangu nimesikia maneno hayo hayo ya chanjo ya pepopunda kwa wajawazito, na watoto wa akina mama wale ndio leo wananiuliza. Chuo kikiweka mhudumu wa chanjo pembeni ya meza ya usajili, pale pale wanapopanga foleni na vyeti mkononi, watakaochanja watakuwa wengi kuliko wale wanaosubiriwa hospitali. Asiyetaka apite, lakini aulize kwanza, na ajibiwe na mtu anayejua badala ya kikundi cha WhatsApp.

Wenyeviti wa mitaa ya Isevya, Kanyenye na Ng'ambo, nawaomba mtuite wenye nyumba kabla ya Desemba. Ajenda iwe kodi ya mwezi mwezi kwa wanafunzi na wawili kwa chumba, muda wote gonjwa hili litakapokuwa lingali nasi. Mkituita, daftari langu nitakuja nalo, mnakili mtakachopenda. Na kwa mwanafunzi atakayeisoma barua hii akiwa bado anazunguka na godoro: chumba changu cha nne kutoka barabarani kiko wazi tangu Jumatatu. Elfu thelathini kwa mwezi, mwisho watu wawili, balbu uje na yako.

Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora