Si kila "ndiyo daktari" ni kukubali

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile ripoti yenu kuhusu wagonjwa "wakaidi" wanaoacha dawa imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu kawasikiliza madaktari tu, na ndiyo maana habari nzima inasomeka kama barua ya mwalimu mkuu kwa wazazi.

Wengi wetu hatubishani na daktari. Tunaitikia, tunashukuru, kisha vidonge vinalala kwenye droo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata dawa walivyoandikiwa. Nusu nzima iliyobaki ni wakaidi?

Dada yangu ana presha. Alipoanzishiwa enalapril akapata kikohozi kikavu, usiku halali. Kikohozi hicho ni athari inayojulikana ya dawa za kundi hilo, mpaka kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi kimeandikwa, na dawa mbadala zipo. Tukarudi kliniki pamoja. Akasema kwa adabu zote, "Daktari, naona hii dawa ndiyo inayonikohoza." Daktari anaandika, wala hakuinua macho. "Mama, daktari ni mimi au wewe?" Dada akakikunja cheti chake kikawa kidogo kama stempu, akakitia kwenye pochi, akaomba radhi. Aliombea radhi kukohoa! Toka hapo akaacha vidonge kimyakimya. Hudhurio lililofuata presha iko juu, yeye hasemi, daktari haulizi, basi dozi ikaongezwa. Dozi ya dawa isiyomezwa. Je, siku moja angeingiwa na hofu akazimeza zote kama zilivyoandikwa, presha ikaporomoka, ungemwita nani mkaidi? Alikuja kusaidiwa na daktari mwingine aliyemuuliza tu, bila ukali, "Unazinywa kweli?" Akambadilishia losartan, kikohozi kikaisha.

Na kwa huyo wa pili alikwenda kwa kujificha, kama mwizi, ilhali Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1981, linatambua haki ya mgonjwa kutaka maoni ya daktari mwingine. (Wale wanaong'ang'ania antibayotiki kwa mafua siwatetei. Hao wapambane na hali yao.)

Halafu kuna huu mlango. Kwa nini mlango wa chumba cha daktari haufungwi? Unaeleza ya mwilini mwako, huyu anaingia na faili, yule anaulizia ufunguo, na foleni nzima nje imetega masikio. Nani atabisha hapo?

Napendekeza cheti cha dawa kiongezwe mstari mmoja juu ya sahihi ya daktari: "Mgonjwa anasemaje?" Daktari aujaze kwa mkono wake, kwa mwandiko unaosomeka, na dirishani dawa isitoke mstari ukiwa mtupu. Akiandika "hana la kusema", mfamasia amwite mgonjwa amuulize tena, mlango ukiwa umefungwa.

Wako,
Ndugu wa mkaidi